Kiongozi Hulelewa Kabla Kiti Hakijawa Wazi
(Hotuba ya kamati ya kwaya)

 

Neno hili yubile lilitoka katika Kiebrania. Kwa hiyo leo tumeona vyema tujifunze jambo moja kwa Wayahudi wenyewe: jinsi wanavyoandaa viongozi wa kujitolea.

Wengi wetu tumepita karibu na sinagogi la Nairobi, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Ushirika huo ulianzishwa mwaka 1904. Katika masinagogi, rabi habebi mzigo peke yake. Hata sala ya pamoja yaweza kufanyika bila rabi, mradi wapo watu wazima kumi; kwa Waorthodoksi, wanaume kumi. Waumini wa kawaida waliochaguliwa kwenye bodi ndio hutunza jengo, huajiri rabi na hutoa hesabu ya fedha.

Kazi hiyo hufundishwa mapema. Huko Marekani, muungano wa masinagogi ya mkondo wa Conservative una mafunzo yaitwayo Sulam, yaani ngazi, kama ile Yakobo aliyoiona ndotoni. Yapo mafunzo ya marais wapya wa masinagogi, ya wajumbe wa bodi, na ya waumini ambao bado hawajashika wadhifa wowote. Hayo ya mwisho ndiyo yanayotugusa.

Kuhusu fedha, Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, huagiza sadaka ya maskini ikusanywe na watu wawili na igawanywe na watatu. Hivyo mweka hazina mwaminifu hukingwa na maneno ya watu, na mwenzake hujifunza kazi akiwa kando yake.

Hata Yethro, katika Kutoka 18, alimshauri Musa kwanza awafundishe watu, aya ya 20. Kuchagua viongozi kukafuata, aya ya 21.

Ndugu zetu, mwisho wa mwaka huu wajumbe wanne kati ya saba wa kamati yetu wanamaliza muda. Hatumsimamishi mtu kuimba peke yake Jumapili bila mazoezi. Basi tusimkabidhi mtu daftari la fedha na simu ya M-Pesa ya kwaya bila mazoezi pia.

Tunaomba mambo matatu. Kila mwenye wadhifa achukue mwanafunzi mmoja kuanzia mwezi huu, na vijana wasiachwe nje. Matoleo ya kwaya yahesabiwe na watu wawili, wote watie sahihi. Na kabla ya uchaguzi, tutenge Jumamosi moja tusome pamoja katiba yetu, kumbukumbu za mikutano na hesabu zetu.

Wapo wanaohofu kwamba wakimfundisha mwingine watanyang'anywa kiti. Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya kusanyiko lote, yeye mwenyewe angali hai, na heshima yake haikupungua.

Waliotutangulia walituachia nyimbo na jina jema. Watakaotufuata tuwaachie hayo, na ujuzi wa kuyatunza.