Somo la Redio: Kwa Nini Nati za Rangi Hupauka?

 Natumaini kila darasa limekwisha kukaa, na kila mtu anayo kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo, nacho ni nati ya gurudumu la gari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno NATI kwa herufi kubwa, na darasa lilisome kwa pamoja.

Ninyi mlio mijini mmekwisha kuziona nati za rangi. Ziko nyekundu, za buluu, za zambarau, za dhahabu na nyeusi. Kwa desturi gari halitoki nazo kiwandani. Mwenye gari huzinunua mwenyewe, mathalan katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hutoa zile za chuma, akatia hizi ili gari lipendeze. Mwanzoni hung'aa kama shanga. Baada ya muda nyekundu huwa kama ua lililonyauka, na nyeusi huwa kahawia.

Hapo maneno huanza. Mwenye gari asema mwenye duka amemwuzia kitu kibovu. Mwenye duka asema kijana aliyeosha gari ndiye aliyeharibu. Kijana naye asema ni jua. Nani mkweli? Huenda kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Lakini liko jambo kubwa kuliko ugomvi huo. Mara nyingine rangi iliyobadilika hutuonya kwamba gurudumu lina hatari, na watu wamo garini. Basi yafaa tujifunze kuisoma rangi, kama tunavyojifunza kusoma herufi.

RANGI HUINGIAJE?

Nyingi za nati hizi zimefanywa kwa alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Alumini ina tabia yake. Ikiguswa na hewa hujivika ngozi ngumu, nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo huikinga. Ndiyo sababu sufuria haipati kutu nyekundu kama jembe.

Kiwandani ngozi hiyo hunenepeshwa kwa umeme. Nati huning'inizwa ndani ya maji yenye asidi, na desturi ni asidi ya aina ile iliyomo katika betri ya gari. Kisha umeme hupitishwa. Ngozi hukua kutoka katika alumini yenyewe. Kazi hii huitwa anodaizi. Haikuanzishwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1923, huko Uingereza, mabwana Bengough na Stuart walitengeneza njia hii ili kuzikinga sehemu za ndege zinazotua baharini zisiliwe na maji ya chumvi. Njia ya kutumia asidi ya aina ya betri ilifuata mwaka 1927.

Ngozi hiyo ina unene gani? Chukua milimita moja, uigawe katika sehemu 1,000. Ngozi ya nati ya rangi ni kama sehemu 5 mpaka 25 tu. Unywele wa mtu ni kama sehemu 70. Juu ya hayo, ngozi ina vitundu vidogo mno, vimepangana kama vyumba vya sega la nyuki. Nati huchovywa katika maji ya rangi, na rangi huingia vitunduni. Mwisho hutiwa katika maji ya moto yaliyo karibu kuchemka. Ngozi huvimba, na midomo ya vitundu hufungwa.

Basi rangi imefungiwa ndani, kama mchele ndani ya gunia lililoshonwa. Ndiyo maana haibanduki kama rangi ya ukuta. Ikibadilika, sababu ni moja katika mbili: ama rangi iliyomo kitunduni imeharibika, ama ngozi yenyewe imeharibika.

SABABU NNE

Sababu ya kwanza ni jua. Rangi nyingi za nati ni jamaa za rangi zinazotiwa katika nguo. Nanyi mwajua kitenge kinachoanikwa juani kila siku huwaje. Jua lina miali isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja chembe za rangi kidogo kidogo. Lakini rangi si sawa zote. Rangi ya dhahabu inayotokana na chumvi za chuma hustahimili sana. Kadhalika kahawia inayotiwa kwa umeme kwa kutumia madini ya bati hudumu miaka mingi, hata hutumika kwa fremu za madirisha. Nyekundu, zambarau na nyeusi nyingi za bei nafuu hazina subira hiyo.

Sababu ya pili ni joto. Dereva anapoteremka mlima kama Kitonga, kule Iringa, huku akikanyaga breki, breki hupata moto. Joto hupita katika gurudumu mpaka kwenye nati. Joto kali huunguza rangi. Tena alumini ikipata joto hutanuka zaidi ya mara 4 kuliko ngozi yake. Basi ngozi hupasuka mistari myembamba, na maji na uchafu huingia.

Sababu ya tatu ni dawa za kuoshea. Akina mama wajua kwamba ukichemsha magadi katika sufuria ya alumini, sufuria hugeuka nyeusi. Magadi hula ngozi ya alumini. Sabuni ya unga ya kufulia ina ukali wa namna hiyo, ingawa ni mdogo. Asidi kali nayo hula ngozi hiyo, mathalan iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia ringi au choo. Kuosha mara moja huenda kusionyeshe kitu. Kuosha kila wiki kwa dawa kali, na kuiacha ikauke juu ya nati, kutaonyesha.

Sababu ya nne ni kukwaruzwa, pamoja na chumvi ya bahari. Spana ya chuma hukwangua pembe za nati, na weupe wa alumini huonekana. Mchanga na changarawe hufanya vivyo hivyo. Chumvi ya pwani huingia penye kovu, hasa pale alumini inapogusana na chuma cha bolti, ikaila alumini na kuacha unga mweupe.

TUISOME RANGI

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Haya ndiyo mawingu ya nati.

Nati za magurudumu yote zikipauka sawasawa, yaelekea jua ndilo lililofanya kazi. Uzuri umepungua, lakini nguvu ya nati haikupungua kwa hilo.

Pembe tu zikiwa nyeupe na kung'aa, hiyo ni spana. Tazama kama pembe zimeanza kuwa mviringo. Zikiwa hivyo, badili nati kabla hazijagoma kufunguka njiani.

Ukiona unga mweupe au vishimo, nati inaliwa. Itoe, utazame na meno yake ya ndani.

Nati za gurudumu moja tu zikigeuka rangi, na za mengine zimebaki salama, fikiri joto. Huenda breki ya gurudumu hilo imeng'ang'ania na haiachii. Usilishike kwa mkono, maana litakuunguza. Mwite fundi alipime kabla ya safari. Breki ya namna hiyo yaweza kuwasha moto.

Ukiona mistari ya kutu nyekundu inatoka chini ya nati, kumbuka kwamba alumini haipati kutu nyekundu. Kutu hiyo ni ya chuma. Huenda nati imelegea, na chuma kinasuguana na chuma. Simamisha gari, ukaze nati. Wewe utingo, ukiona mistari hiyo usinyamaze ati kwa kuwa dereva ni mkubwa wako. Mwambie.

RANGI SI NGUVU

Sasa tufikie jambo la mwisho. Nati iliyopauka kwa jua yaweza kuwa nzima, na nati inayong'aa yaweza kuwa dhaifu. Alumini ni laini kuliko chuma, na meno yake huisha upesi yakikazwa kupita kiasi. Kama gari lako labeba abiria au mizigo mizito, tumia nati za chuma za kipimo alichotaja mtengenezaji wa gari. Ukitaka kujua nati yako ni ya namna gani, isogezee sumaku. Sumaku hushika chuma, lakini haishiki alumini.

Kaza nati kwa kuvuka, yaani moja kisha ile inayoielekea, wala si kwa kuzunguka. Gurudumu likifungwa upya, kaza tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Na ukitaka rangi idumu, osha kwa sabuni laini na maji mengi, suuza vizuri, na uegeshe gari kivulini.

KAZI YA DARASA

Mwalimu, wanafunzi na wajibu maswali haya kwa kuandika.

1. Rangi ya nati hukaa wapi?
2. Kwa nini magadi huifanya sufuria kuwa nyeusi?
3. Nati za gurudumu moja tu zimegeuka rangi. Utafanya nini?
4. Taja dalili moja ya nati iliyolegea.

Kisha kila mwanafunzi atazame gari moja kabla ya somo lijalo, na aandike sentensi mbili juu ya alichokiona. Usiandike “nati ni mbaya” tu. Andika rangi yake, mahali ilipobadilika, na sababu unayoidhani.