Vita Vilivyobaki Masikioni

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani



Wapendwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, vijana, na ninyi wazee wetu mliokubali kuja kuketi pamoja nasi siku ya leo,

Tumezoea kukutana katika semina hizi kuzungumzia mashamba yaliyodhulumiwa, mirathi ya wajane, mahabusu waliosahauliwa na uchaguzi ulio huru. Mambo hayo yana walalamikaji, na mengine yana kesi mahakamani. Jambo la leo halina kesi wala mlalamikaji, kwa sababu wanaoumia wamechagua kunyamaza.

Katika parokia zetu wapo wazee ambao, ndege ya jeshi inapopita chini kwa ajili ya mazoezi au gwaride, hawatazami juu kama watoto wanavyofanya. Mmoja hujitupa chini akiwa na jembe mkononi. Mwingine huingia ndani na kufunga mlango, asile chakula mpaka kesho yake. Watoto hucheka. Majirani husema amelewa, au amerogwa, au akili zimemruka. Sisi tunataka kusema waziwazi kwamba mtu huyo si mwendawazimu wala si mwoga. Mwili wake unakumbuka. Na jamii iliyomtuma vitani inadaiwa naye, na deni hilo ni la haki, si la hisani.

1. Tukumbuke yaliyotokea

Vijana wengi waliopo hapa walizaliwa baada ya Vita vya Kagera, hivyo yafaa turudie kwa ufupi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu. Katika mwezi huohuo ndege za kivita aina ya MiG zilitoka Uganda na kuangusha mabomu Bukoba. Majengo hayakuharibika sana, lakini mtikisiko ulivunja vioo vya madirisha na hofu ikawakumba watu. Mwanzoni mwa Novemba Amin alidai kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wananchi waliuawa, wengine wakatekwa, mifugo ikaporwa.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi ambalo lilikuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa katika majuma machache hata likapita 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000, pamoja na askari polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wao walikuwa wakulima, wafugaji na makarani, na walikuwa hawajapata kusikia mzinga. Walivuka mpaka, wakapigana Masaka, Mbarara na Lukaya, na mwezi Aprili 1979 wakaingia Kampala. Hata waliobaki nyuma hawakuwa salama kabisa: mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kushambulia Mwanza, lakini mabomu yakakosa shabaha na kuua wanyama katika hifadhi.

Vita vilipokwisha, mgambo walirudishwa vijijini. Walishangiliwa barabarani, kisha kila mmoja akarudi kwenye shamba lake. Waliokufa tunawakumbuka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na kule Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi yao yanayotunzwa kwa heshima. Ni vyema iwe hivyo. Lakini waliorudi na jeraha lisiloonekana hawana siku wala mnara. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amepita miaka sitini na mitano. Tukichelewa, hatutapata tena nafasi ya kulilipa deni hili wakiwa hai.

2. Kwa nini sauti ina nguvu namna hii

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakumcheka anayeshtuka, kwa maana walijua kwamba mshtuko huo ni elimu aliyoipata kwa maumivu.

Jicho lina kope, sikio halina. Tukilala, sikio hubaki macho. Ndege ya kivita inayoruka chini hufichwa na vilima na miti, na mara nyingi mngurumo wake hufika wakati yenyewe imekwisha kufika. Askari aliye mstari wa mbele hana nafasi ya kufikiri. Anayesimama ili ajue ni ndege ya nani huenda asisimame tena. Kwa hiyo mwili hujifunza kulala chini kabla akili haijauliza swali. Somo hilo huwekwa mahali pa ndani sana, na halifutiki kwa sababu hati ya kusimamisha vita imetiwa sahihi. Miaka zaidi ya arobaini baadaye mngurumo uleule unapita juu ya shamba la migomba, na mwili unatii amri iliyowahi kumwokoa. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, na kwa dakika chache mzee wetu yuko tena kwenye handaki. Wengine hushtushwa hivyohivyo na fataki za mwaka mpya, radi, au bati linalopigwa na upepo usiku.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika habari za askari waliotoka kwenye milipuko bila jeraha mwilini, lakini wakiwa wamepoteza kumbukumbu au uwezo wa kuona. Wakubwa wengi wa jeshi waliona ni woga tu. Askari wa Kiingereza na wa makoloni yake zaidi ya 300 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa ya kutoroka, woga na mengineyo ya namna hiyo, na leo inakubalika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Serikali ya Uingereza iliwatolea msamaha mwaka 2006, walipokuwa wamekwisha kuwa mavumbi. Nchini Marekani, baada ya vita vya Vietnam, madaktari waliupa ugonjwa huu jina lake rasmi mwaka 1980. Basi tusiwe watu wa kuwahukumu wazee wetu kwa ujinga ambao ulimwengu umekwisha kuutubu.

Hatusemi kwamba kila aliyepigana anaumwa. Wapo wengi waliorudi na amani ya moyo. Lakini katika nyumba za wanaoumia dalili zinafanana: baba halali usiku, huketi akiutazama mlango, hukasirika ghafla kwa jambo dogo, na wengine hunywa pombe ili wasisikie. Hapa lazima tuseme mambo mawili kwa pamoja. Ulevi na kumpiga mke havina udhuru, na mke anayeumizwa anastahili ulinzi wetu leo hii. Hata hivyo, anayemkemea mlevi bila kuuliza anakimbia nini huwa ametibu moshi na kuuacha moto.

3. Imani yetu inatufundisha nini

Tumwangalie kwanza nabii Elia. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunasoma kwamba baada ya mapambano makali na umwagaji wa damu pale Karmeli, alikimbilia jangwani, akajilaza chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika kwa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baadaye ndipo akasema naye pale Horebu, na Bwana hakuwa katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali alifika kwa sauti ndogo ya upole. Tujifunze utaratibu huo: chakula kwanza, usingizi, kuwapo karibu, kisha maneno machache.

Tumwangalie pia Bwana wetu Mfufuka. Alipowatokea wafuasi wake hakuyaficha makovu. Alimwalika Tomaso ayaguse. Kanisa linalomwabudu Bwana mwenye makovu haliwezi kumwambia askari aliyejeruhiwa moyoni kwamba afiche ya kwake.

Mababa wa Kanisa walijua kwamba hata vita vya kujilinda huacha uzito moyoni. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, alieleza kwamba kuua vitani hakukuhesabiwa sawa na uuaji. Hata hivyo alishauri kwamba waliorudi na damu mikononi wakae miaka mitatu bila kupokea Komunyo. Sisi leo hatuwawekei askari wetu kanuni hiyo, wala hatusemi kwamba walitenda dhambi kwa kuilinda nchi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unawaona askari wanaotimiza wajibu wao vizuri kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Tunachokichukua kwa Basili ni hekima yake: anayetoka vitani anahitaji njia ya kurudi, na jumuiya nzima itembee naye katika njia hiyo. Hata mila za wazee wetu zililijua hilo. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, kwa mfano, humfanya aliyerudi kutoka mbali akanyage yai kabla ya kuingia nyumbani, ili jamaa yote ishuhudie kwamba amepokewa tena. Sisi tuliwapa mgambo wetu vigelegele vya siku moja.

Sisi mapadre tunapenda kuongeza neno moja kwa wazee wenyewe. Hofu si dhambi. Kutetemeka si dhambi. Anayetaka kuungama jambo lililomlemea alipokuwa vitani, kiti cha kitubio kiko wazi, na huruma ya Mungu haina mpaka. Lakini aliyekwisha kuondolewa dhambi na bado anaamka usiku akipiga kelele asidhani kwamba Mungu hakumsamehe. Huyo anahitaji wenzake na mganga wa hospitali.

4. Masikio ya upande wa pili

Haki haina upande mmoja wa mto. Mizinga yetu ya roketi, ambayo watu wa Uganda waliiita Saba Saba, iliacha kumbukumbu yake kwa wasichana na wavulana wa kule, ambao sasa nao ni wazee. Miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa vibaya Februari 1979, na wengi wa waliopoteza nyumba hawakuwa wamemchagua Amin wala kumpenda. Nchi iliyomzaa Askofu Joseph Kiwanuka na nchi iliyomzaa Kardinali Laurean Rugambwa ni majirani, na zilipokea Injili kutoka kwa wamisionari walewale. Tunapowaombea wazee wetu tuwaombee na wale, tukijua kwamba hofu haina uraia.

Tusidhani pia kwamba habari hii itakwisha wazee wa Kagera watakapokwisha. Vijana wetu wamelinda amani nchini Kongo tangu mwaka 2013, na shambulio la tarehe 7 Desemba 2017 huko kaskazini ya Kivu liliua zaidi ya kumi kati yao. Waliokuwapo wakapona wamerudi katika familia zetu.

5. Tufanye nini katika jumuiya zetu

Kwanza, tukomeshe kicheko. Jina la Hospitali ya Mirembe lisitumiwe tena kama tusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi ndio tunaowafanya wenzetu wafiche.

Pili, tusikilize bila kulazimisha. Mzee akitaka kusimulia, aketi mtu mmoja anayeaminika, asimkatize, wala asiyapeleke kilabuni aliyoyasikia. Asiyetaka kusimulia aachwe na ukimya wake, ila asiachwe peke yake.

Tatu, familia ifundishwe la kufanya. Anaposhtuka, asishikwe ghafla kutoka nyuma. Aitwe jina lake kwa sauti ya chini, aambiwe yuko nyumbani, yuko na nani, na ni siku gani. Apewe maji. Wajukuu waelezwe, nao watakuwa walinzi wake wa kwanza.

Nne, kiongozi akipata habari ya mazoezi ya ndege au ya fataki, aombe tangazo litolewe baada ya Misa. Tangazo hilo huchukua dakika moja. Mngurumo unaotarajiwa haumshtui mtu kama ule unaomvamia.

Tano, tuwasindikize hospitali. Ugonjwa huu una tiba, hata kwa aliyeumwa kwa miaka mingi.

Sita, Kamati ya Haki na Amani ya kila parokia iwaorodheshe wazee hawa kwa ridhaa yao, iwasaidie kutafuta vyeti vilivyopotea, kuandika barua, na kufuatilia stahili ambazo sheria inawapa. Wajane wao wasisahauliwe.

Saba, mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu, itolewe nia moja ya Misa kwa ajili ya waliokufa vitani pande zote mbili, na walio hai waalikwe kuleta vipaji.

Wapendwa, Papa Paulo VI alipoanzisha Tume ya Haki na Amani mwaka 1967 alitaka Taifa la Mungu liamke na kuutambua wajibu wake. Wajibu wa leo uko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mungu awajalie wazee wetu usingizi wa amani, na atujalie sisi uvumilivu wa kukesha pamoja nao.

Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu tunawafahamu waliopigana vitani? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini?

2. Ni maneno gani tunayoyatumia juu ya wagonjwa wa akili, na tutayaachaje?

3. Kati ya mambo saba yaliyotajwa, ni lipi tutakaloanza nalo mwezi huu, na nani atalisimamia?