Faili Ikibadilika Sura, Usiifute
Msikilizaji, umewasha kompyuta, ukakuta faili zako za PDF zina alama ngeni. Ukizibofya, zinafunguka kwa programu isiyofaa. Usizifute! Faili ni nzima. Kilichobadilika ni programu inayozifungua, mara nyingi baada ya kuweka programu mpya. Inasikitisha mtu kufuta cheti chake kwa hofu tu.

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua kufungua kwa programu nyingine. Teua uliyoizoea, kisha thibitisha itumike siku zote. Usiguse herufi za mwisho za jina la faili, kuzibadilisha hakutibu kitu.

Nasema tena: usifute, faili ni nzima. Alama ikibaki ileile, zima kompyuta, uiwashe upya.