Faini Siyo Fidia: Maneno kwa Kamati za Parokia, Usinge



Zamani wapagazi wa misafara ya Tabora na Ujiji walipita nchi hii kwa miguu. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Sasa ni zamu ya lami na bodaboda. Barabara tunaifurahia, lakini ajali nazo zimekuja.

Mama mmoja tuliyemtembelea ana kijana aliyevunjika paja, abiria wa bodaboda iliyogongwa na lori. Dereva alishtakiwa, akakiri, akalipa faini. Mama akatuuliza, "Hiyo faini nitaipokea lini?" Hataipokea; faini ni ya Serikali. Fidia hudaiwa kwa njia yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka chombo cha moto kiwe na bima inayomkinga mtu wa tatu kwa kifo na majeraha. Hata ile bima ndogo, ambayo wengi huidharau, ndiyo hiyo.

Basi cha kwanza ni kuandika namba ya gari. Kwa namba hiyo bima huhakikiwa katika mfumo wa TIRA. Majeruhi mahututi atibiwe kwanza, PF3 ifuate. Tunzeni risiti zote, taarifa ya daktari, ripoti ya trafiki, ramani ya ajali na nakala ya hukumu. Kampuni ya bima ikikawia, malalamiko yaende TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakamani, dai la majeraha lina miaka 3 tu. Chombo kisipokuwa na bima, mmiliki na dereva hudaiwa wenyewe.

Kinachotusikitisha zaidi ni ile karatasi. Shemeji wa mama huyu alikuwa amekwisha pokea shilingi 200,000 na kutia dole gumba kwamba familia haina dai tena. Hatumlaumu, dawa zilihitajika siku ile ile. Msaidizi wa kisheria, wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, bado anaifuatilia.

Wafadhili mmeuliza fedha zenu zilikwenda wapi. Hazikumlipa wakili. Zilikwenda kwenye nauli ya Tabora, picha za eksirei na kutoa nakala. Kwenu wanakamati tunaomba watu wawili kila kigango, wa kufuatana na familia hadi polisi kabla kidole hakijatiwa wino.