BARUA YA FUNDI WA RANGI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya barua za kuomba kazi. Twapenda kusema kwa ajili ya watu wasiokuwamo humu, nao ni mafundi wa rangi, wale wapambao kuta na dari kwa maua na mistari, na kuupaka ubao wa kawaida hata ukafanana na marimari. Wengi wao hutujia sisi makarani na kusema, "Niandikie, bwana." Basi riziki yao imo katika kalamu zetu.

Barua nyingi huandikwa hivi: "Mimi ni fundi hodari, mwaminifu, naomba kazi yo yote." Maneno ni mazuri, walakini hayana habari. Hata asiye fundi aweza kuyaandika. Mwenye kazi akipata barua ishirini zilizo sawa, atachagua kwa uzuri wa hati. Na hati ni ya karani, si ya fundi. Hivyo mwenye mkono mwema hukosa kazi, na kazi huharibika.

Tutoe mfano wa kale. Karibu na mwaka 1482 Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, alitunga barua kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Barua hiyo ipo hata leo katika maktaba ya Ambrosiana mjini humo. Haikuanza na picha. Siku zile zilikuwa za vita, kwa hiyo Leonardo alihesabu moja moja mambo yaliyomfaa mtawala: madaraja mepesi ya kuchukulika, njia ya kuondoa maji katika mahandaki, mizinga, magari yaliyofunikwa. Mwisho ndipo aliposema kwamba wakati wa amani aweza kujenga, kuchonga na kupaka rangi. Tena alisema yu tayari kujaribiwa po pote. Mwaka 1498 alikuwa akipamba chumba katika ngome ya mtawala huyo, kwa matawi ya miforsadi yaliyofungamana na kamba ya rangi ya dhahabu.

Katika barua hiyo twajifunza mambo matatu.

Kwanza, tuanze na haja ya msomaji. Shule yataka ukuta uoshekao. Hoteli yataka mapambo ya kupendeza wageni. Barua moja haifai kwa wote wawili.

Pili, tutaje kazi yenyewe: ilikuwa ukuta au dari, chokaa au rangi ya mafuta, ukubwa gani, mwaka gani, na fundi alifanya sehemu ipi kwa mkono wake mwenyewe. Hapa karani hana budi kuuliza kwa subira, kwa maana fundi atajibu, "Nilipaka tu." Katika neno hilo "tu" umefichwa ufundi mwingi. Alikwangua chokaa ya zamani, akaziba nyufa, akapiga msasa, akangoja ukuta ukauke. Alichanganya rangi kwa jicho hata ikalingana na ile ya kwanza. Alipima ukuta kabla ya kupiga chapa za maua, ili ua lisikatike pembeni. Hayo ndiyo ya kuandikwa, nayo hayahitaji maneno ya kujisifu.

Tatu, tutoe nafasi ya kujaribiwa. Fundi na achukue kibao kidogo alichokipaka mwenyewe, na barua iseme kwamba yu tayari kupaka sehemu ndogo ya ukuta mbele ya mwenye kazi.

Lakini tusiandike asilolifanya. Ukuta ni shahidi mkali: rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubambuka, na jina la fundi hubambuka pamoja nayo.

Ndugu wanachama, fundi asiyejua kuandika hawezi kuisahihisha barua tuliyomwandikia. Huikunja, akaichukua kwa imani. Kwa hiyo twaomba kila mmoja wetu amsomee fundi barua yake kabla ya kuifunga, amwulize, "Je, hii ndiyo kazi yako?" Akiitikia, ndipo itiwe katika bahasha.