Saini Kwanza, Bunge Baadaye?

Msikilizaji, dizeli na mbolea za mkulima wa alizeti kule Iramba hupitia bandarini. Kwa hiyo mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai unamhusu.

Kujua nani huamua mikataba kama huo, tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi inayohitaji kuridhiwa. Huo wa bandari Serikali iliusaini Oktoba 2022. Bunge likauridhia Juni 2023.

Wapo wanaosema mazungumzo na mataifa yanataka usiri na wepesi, na Rais ndiye anayeyaweza. Wengine wanajibu kwamba mbunge anayeletewa mkataba wenye saini tayari hana nafasi kubwa ya kuurekebisha.

Swali ni hili: Bunge lisikilizwe kabla ya saini, au kuridhia baadaye kunatosha?