Pensheni si zawadi, ni jasho lako

Mazungumzo mbele ya wanachama, Kalemie

Mimi ni mtoto kwenu, kwa hiyo naomba ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa. Leo sikuleta habari ya mbegu wala ya mabati. Nimekuja na habari ya uzee.

Mzee mmoja, mwanachama wetu, alinifuata akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa karatasi za mshahara, zingine panya wamekwisha kula pembe. Akaniambia: "Mwanangu, nilitumika miaka 17. Kila mwezi walikuwa wananikata. Halafu vita, halafu Lugufu. Sasa makuta yangu iko wapi?" Siku ile sikuwa na jibu. Nilienda kusoma sheria, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza, mujue sanduku lenu. Aliyetumika kwa kampuni, kwa kiwanda ao kwa mtu binafsi, sanduku lake ni CNSS, ile ambayo zamani, tangu 1961, iliitwa INSS. Aliyetumika kwa Leta, kama mwalimu ao karani wa biro ya serikali, sanduku lake ni CNSSAP, iliyoundwa Desemba 2015. Mbele ya hapo, mstaafu wa Leta alilipwa na hazina ya Leta yenyewe. Ukipiga foleni kwenye biro isiyo yako, utapoteza siku na nauli bure.

Kwa upande wa CNSS, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inasema hivi: umri wa kustaafu ni miaka 60, mwanaume na mwanamke sawasawa. Zamani mwanaume alingoja mpaka 65. Na lazima uwe na miezi 180 ya kukatwa, maana yake miaka 15. Kwa ajili ya uzee, mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara, na bwana kazi anaongeza 5 kwa mia yake. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba unaomba msaada. Unadai jasho lako.

Kama umefika miaka 60 na miezi haitoshi, usirudi nyumbani ukilia. Kuna malipo ya mara moja. Si pensheni ya kila mwezi, lakini ni haki. Na bamama wajane, musikie vizuri: mume akifa, haki haizikwi pamoja naye. Mjane na yatima wanaweza kudai sehemu yao. Mulete cheti cha ndoa, cha kifo, na vya watoto kuzaliwa.

Sasa neno gumu, linalotugusa sisi tuliorudi. Miaka ya kambini, iwe Lugufu, Nyarugusu, Mwange ao Kala, haihesabiwi. Wengi mulifundisha kule, mulikuwa wauguzi, mulilinda maghala. Lakini ile ilikuwa posho, si mshahara. Hakuna aliyekatwa, hakuna sanduku lililojazwa. Kwa hiyo miezi ya mbele ya kukimbia na miezi ya baada ya kurudi ndiyo mali yetu yote, na kila karatasi moja ni mwezi mmoja.

Tuje kwenye swali ambalo bazee wananiuliza kila mara: "Pensheni inapanda pale bei inapanda?" Nchi zingine inapanda yenyewe. Marekani, tangu 1975, sheria inaipandisha kila mwaka kwa kufuata bei za sokoni. Kwetu haiji yenyewe, inangoja uamuzi wa serikali. Na kati ya uamuzi mmoja na mwingine, soko halingoji mtu.

Munakumbuka zaire? Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Tarehe 30 Juni 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Piga hesabu: zaire za zamani miliari 300 kwa franka moja! Mwezi wa nane mwaka uleule vita ikaanza, na wengi wetu tukakimbia hata hatujazoea sura ya franka. Wakati ule dolari moja ilikuwa karibu franka moja na nusu. Mwaka 2024 ilikuwa karibu franka 2,800. Mtu aliyebaki na franka 100 zilezile, mwanzoni zilikuwa karibu dolari 70. Mwaka 2024 hazikufika hata senti 4.

Basi wakisema pensheni imeongezwa, usishangilie tarakimu. Uliza inanunua nini. Tuseme unapata franka 100,000, na mfuko wa unga ni 50,000. Unabeba mifuko miwili. Wanakuongezea 10 kwa mia, unapata 110,000. Lakini mfuko umefika 60,000. Sasa unabeba mmoja, na chenji haitoshi kwa wa pili. Umeongezewa franka, umepunguziwa bukari.

Tufanye nini? Tafuta namba yako ya kuandikishwa. Kusanya karatasi, piga kopi, na ile ya kwanza usimwachie mtu mkononi. Jina lako liandikwe namna moja kila mahali, maana herufi moja inaweza kusimamisha dosie. Wakiita wastaafu kuonyesha kwamba wako hai, enda, ao utumie habari kama unaumwa. Na wewe kijana unayetumika leo, uliza sasa kama bwana kazi anapeleka kile anachokukata. Usingoje uzee ndipo uulize.

Rafiki mnaotuchangia, kopi na nauli ya kufuata dosie ni makuta kidogo, lakini kwa mzee asiye na kitu ni mlima. Mutusaidie hapo.

Na yule mzee? Tulitandika karatasi zake chini, tukahesabu pamoja na mke wake: miezi 61 kati ya 204. Tumeandika majina ya wenzake wawili walio hai waliotumika naye, na dosie imeingia biro. Jibu bado. Lakini siku ile, mke wake aliinuka bila kusema kitu, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa lenye kutu. Ndani mlikuwa zingine 23.

Ndugu, rudini nyumbani, mufungue makopo.